Fangio: Fundi gereji aliyeacha soka, akabeba ubingwa wa dunia mara tano

BALCARCE, ARGENTINA

UKITAJA Argentina mbele ya shabiki wa soka, jina linalofuata ni Diego Maradona au Lionel Messi. Hapo hakuna ubishi. Lakini kabla Maradona hajazaliwa, kuna Muargentina mwingine aliyekuwa ameshabeba ubingwa wa dunia mara tano. Naye alianza na mpira miguuni, na nusura mpira umchukue moja kwa moja.

Huyo ni Juan Manuel Fangio, dereva wa magari ya mashindano. Alifariki dunia Julai 17, 1995 akiwa na miaka 84, na mpaka leo kila dereva wa Formula One anayepanda juu hulinganishwa naye.

Wengi wanaomsimulia huanza na kasi yake. Waliomjua tangu Balcarce wangeanzia gereji. Fangio alikuwa fundi kwanza, dereva baadaye. Kabla hajajua kulikimbiza gari, alijua kulisikiliza. Hiyo ndiyo siri iliyomtofautisha na wakali wengine wa zama zake, wengi wao wakiwa na mguu mzito kama wake au kumzidi.

MTOTO WA WAHAMIAJI

Fangio alizaliwa Juni 24, 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, kusini mwa Buenos Aires, eneo la mashamba ya viazi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Hawakuwa na mali, ila nyumba yao ilijua maana ya kazi.

Akiwa na miaka 13 aliacha shule, akaingia gereji kama kijana wa kushika spana. Kazi zake zilikuwa zile za kijana yeyote wa gereji: kuosha vipuri, kufagia, kushika taa, kumletea fundi mkubwa anachotaka. Usiku mikono inanuka petroli, asubuhi anarudi tena.

Jioni na wikiendi ilikuwa mpira. Mtaani walimwita El Chueco, yaani mwenye matege, kwa jinsi alivyoweza kuukunja mguu wake wa kushoto kuzunguka mpira na kuachia shuti golini. Jina hilo lilimganda. Hata alipokuwa bingwa wa dunia, kwao Argentina aliendelea kuwa El Chueco.

Mpira huohuo nusura umtoe roho. Alipokuwa kijana, katika mechi moja aliyokimbia sana, maumivu makali yalimbana kifuani. Ikawa ni nimonia. Alilala kitandani kwa takriban miezi miwili, mama yake akimuuguza. Enzi hizo dawa za kutibu ugonjwa huo hazikuwapo, na vijana wengi hawakuinuka. Yeye aliinuka, akarudi gereji na uwanjani.

Mwaka 1932 alikwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, kambi ya Campo de Mayo. Huko nako gari halikumwacha. Mkubwa wake wa kambi aliona anavyoendesha, akamfanya dereva wake.

NJIA PANDA

Alipotoka jeshini alikuwa anataka mpira. Yeye na rafiki yake Jose Duffard walipata ofa ya kwenda kuchezea klabu moja ya Mar del Plata, mji mkubwa wa pwani jirani na Balcarce. Kwa kijana wa mji mdogo, hiyo haikuwa ofa ya kuichezea.

Wachezaji wenzao wa Balcarce hawakukubali kuwaachia kirahisi. Wakawapa wazo lingine: wabaki nyumbani, wafanye ile kazi ambayo Fangio aliipenda siku zote, kuunda magari. Wazazi wake wakatoa kipande cha kiwanja cha nyumba, likajengwa banda la kawaida kabisa. Gereji ikaanza.

Kwa hiyo soka ilimpoteza Fangio kwa sababu ya wachezaji wenzake waliotaka abaki. Hawakujua wanauokolea mchezo mwingine bingwa wake.

KIDOLE GUMBA KWENYE TUNDU LA PLAGI

Ili kumwelewa Fangio, lazima ujue fundi wa miaka ile alikuwa anafanya nini. Hapakuwa na kompyuta ya kuchomeka ikakwambia ugonjwa. Gari lilipoletwa likilia limeishiwa nguvu, halipandi mlima, linakula oili na kutoa moshi, jambo la kwanza lilikuwa kupima kompresheni.

Kompresheni ndiyo pumzi ya injini. Pistoni inapopanda ndani ya silinda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla plagi haijawasha moto. Ukibanwa vizuri, mlipuko unakuwa na nguvu. Ukivuja, nguvu inapotea. Ford Model A, gari lililotapakaa duniani miaka hiyo, lilibana mchanganyiko huo zaidi kidogo ya mara nne. Kwa magari ya leo hiyo ni ndogo, lakini kwa wakati ule ilitosha kulipeleka gari popote.

Fundi mkongwe alipima hivi: injini inawashwa mpaka ipate moto, kisha inazimwa na plagi zinafunguliwa zote. Anaziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, msaidizi anazungusha hendeli. Silinda nzima inakisukuma kidole kwa nguvu mpaka hewa inapasuka pembeni. Silinda mbovu inapumua kivivu, kidole hakishtuki. Anahamia ya pili, ya tatu, ya nne.

Wenye uwezo walikuwa na geji. Geji inakaa kwenye tundu la plagi, akseleta inakanyagwa mpaka mwisho ili hewa iingie bila kuzuiwa, injini inazungushwa mizunguko kadhaa, namba inasomwa na kuandikwa. Kubwa linalotazamwa ni silinda zifanane. Ni kama timu ya mpira. Straika mmoja mkali hakusaidii kama beki wa kushoto ni uchochoro. Injini yenye silinda tatu nzima na moja mfu inatetemeka, inamisi, na mwisho inajiua yenyewe.

Ikipatikana silinda dhaifu, kazi inakuwa kumtafuta mwizi. Fundi anamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, mwizi ni ringi za pistoni au silinda iliyolika, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Namba isipopanda, anageukia vali, pengine imeungua au haikai vizuri kwenye kiti chake. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, macho yanakwenda kwenye gasketi ya hedi.

Kazi hii inataka subira. Mwenye haraka anafungua injini nzima bila kujua anatafuta nini. Fundi mzuri anauliza kwanza, injini inajibu, ndipo anashika spana. Fangio alikulia ndani ya nidhamu hiyo tangu akiwa na miaka 13, na hakuiacha hata alipokabidhiwa magari ya bei mbaya kuliko yote duniani.

TEKSI ILIYOVULIWA BODI

Oktoba 1936 aliingia mashindano kwa mara ya kwanza kama dereva, mjini Benito Juarez. Gari lenyewe lilikuwa Ford Model A, teksi ya baba wa rafiki yake. Walilivua bodi, wakalitengeneza kwa ajili ya mbio, wakaenda nalo.

Hakutaka jina lake lijulikane, hivyo alijiandikisha kama Rivadavia, jina la klabu yake ya mpira. Alikuwa wa tatu, zikiwa zimebaki raundi mbili tu, injini ikagoma. Beringi zilikuwa zimekwisha. Gari likarudishwa Balcarce, likavalishwa bodi yake, likaendelea kubeba abiria.

Siku ile alipata somo ambalo madereva wengi matajiri walichelewa kulipata: kasi isiyokufikisha kwenye mstari wa mwisho haina pointi.

Miaka michache baadaye wakazi wa Balcarce walichangishana fedha ili kijana wao apate gari la maana. Likapatikana Chevrolet la injini ya silinda sita, na Fangio akaenda nalo kwenye Gran Premio Internacional del Norte ya mwaka 1940: Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi. Ni kama kilomita 9,500, takriban wiki mbili barabarani, nyingi zikiwa za vumbi, mawe na makorongo.

Njia ilipita nyanda za juu za Bolivia, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi. Mtu anahema, na injini nayo inahema. Silinda inavuta hewa kidogo, kinachobanwa kinakuwa kidogo, nguvu inashuka hata kama ringi ni mpya kabisa. Ukilazimisha, unaua mashine. Fangio na msaidizi wake Hector Tieri walilitunza gari, wakalitengeneza lilipoumia, wakalirudisha Buenos Aires likiwa la kwanza. Mwaka huo akawa bingwa wa Argentina, akarudia mwaka 1941, kabla Vita Kuu ya Pili haijasimamisha mashindano.

USIKU WA PERU

Mwaka 1948 yakaja mashindano ya Buenos Aires hadi Caracas, Venezuela. Pembeni yake alikaa Daniel Urrutia, rafiki yake wa Balcarce. Wakiwa Peru, usiku, gari liliacha njia na kupinduka. Urrutia alirushwa nje. Dereva mpinzani, Eusebio Marcilla, alisimamisha gari lake katikati ya mashindano ili kuwasaidia. Urrutia alifariki.

Fangio alipona na majeraha, lakini ndani alikuwa ameumia zaidi. Alikaribia kuachana na mbio kabisa. Silinda ikifa unabadilisha ringi. Rafiki akifa huna pa kwenda kununua mwingine.

Alirudi. Mwaka uliofuata, akiungwa mkono na chama cha magari cha nchi yake, alikwenda Ulaya, akashinda San Remo, Pau, Perpignan na Marseille. Alikuwa na miaka 37, umri ambao mchezaji wa mpira anahesabiwa ameshatundika daluga.

ALFA ROMEO NA INJINI YA KUNYWA

Ubingwa wa dunia wa Formula One ulianza mwaka 1950. Fangio alisajiliwa na Alfa Romeo pamoja na Giuseppe Farina na Luigi Fagioli. Gari lao, Alfa 158, lilikuwa na injini ya lita moja na nusu tu, silinda nane, lakini lilifungwa supachaja, pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Injini hiyo ndogo ilitoa takriban nguvu farasi 350, na mwaka uliofuata ikapita 400.

Ila kila kitu kina bei yake. Hewa ikishindiliwa hivyo joto linakuwa la kutisha, na ili pistoni zisiyeyuke gari lilitumia mafuta yenye methanoli nyingi, yanayopoza. Lilikunywa zaidi ya lita moja kwa kila kilomita. Acha kabisa.

Msimu wa kwanza Fangio alishinda Monaco, Ubelgiji na Ufaransa, lakini gari lilipomaliza mbio lilikuwa la kwanza, na lisipomaliza alitoka mikono mitupu. Katika mbio za mwisho pale Monza gari lake liliharibika, akapewa la mwenzake Piero Taruffi, nalo injini ikafa. Farina akawa bingwa kwa pointi 30 dhidi ya 27.

Mwaka 1951 mpinzani alitoka nyumbani. Jose Froilan Gonzalez, Muargentina mwenzake na rafiki yake, akiwa na Ferrari ya lita nne na nusu isiyo na supachaja, aliipiga Alfa Romeo pale Silverstone. Ferrari ilikunywa kidogo, Alfa ikawa inalipa muda wa kujaza mafuta. Fangio hakuchanganyikiwa. Alisubiri mpaka mbio za mwisho nchini Hispania, ambako Ferrari walikosea uchaguzi wa matairi, akashinda na kutwaa taji lake la kwanza akiwa na miaka 40.

SIKU ALIYOSAHAU KUJIPIMA

Juni 1952 Fangio alishiriki mbio Ireland ya Kaskazini siku ya Jumamosi, na Jumapili alitakiwa awe Monza, Italia. Usafiri ukaharibika njiani. Kutoka Paris aliendesha gari usiku kucha, akafika Monza nusu saa hivi kabla ya mbio kuanza, akaingia uwanjani bila kulala.

Raundi ya pili gari lilimtoka, likapaa, akarushwa nje. Alivunjika mfupa wa shingo na kukaa nje msimu mzima. Fundi ambaye hakuwahi kuitoa injini mbovu gereji, siku ile aliutoa mwili wake ukiwa hauna pumzi. Kosa hilo hakulirudia.

MERCEDES, FERRARI NA MATAJI

Mwaka 1954 alianza na Maserati, akahamia Mercedes ilipoingia Reims mwezi Julai. Injini ya Mercedes W196 ilikuwa habari nyingine: silinda nane, mafuta yakipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na vali zikifungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi ili zisichelewe hata injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Ule ugonjwa wa vali isiyokaa vizuri, unaomsumbua fundi yeyote wa mtaani, Wajerumani waliutafutia dawa ya aina yake. Fangio akabeba ubingwa mwaka huo na 1955.

Januari 1955 kule Buenos Aires joto lilikuwa kali mno, madereva wakawa wanapokezana magari kwa kuzidiwa. Fangio aliendesha peke yake kwa saa tatu. Bomba la fremu lililopata moto lilimuunguza mguu, akabaki na kovu. Alishinda.

Juni mwaka huohuo alikuwapo Le Mans, gari la mwenzake wa Mercedes, Pierre Levegh, lilipoingia kwa watazamaji na zaidi ya watu 80 wakafa. Inaaminika Levegh aliinua mkono kumuonya Fangio aliyekuwa nyuma yake, na Fangio akapenya salama.

Mwaka 1956 akiwa Ferrari alichukua taji la nne, baada ya kijana Peter Collins kumpa gari lake katikati ya mbio za Monza, ilhali Collins mwenyewe alikuwa bado na nafasi ya ubingwa. Hiyo ni pasi ya goli ambayo ni wachache wangeitoa.

NURBURGRING, AGOSTI 4, 1957

Hii ndiyo mechi yake ya fainali. Uwanja wa Nurburgring, Ujerumani, ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 23 kwa raundi moja, ukipanda na kushuka msituni, na raundi zilikuwa 22. Fangio, akiwa amerudi Maserati na ana miaka 46, aliamua kuanza na nusu tenki, atangulie, kisha asimame kuweka mafuta na matairi. Ferrari za Mike Hawthorn na Collins hazikupanga kusimama.

Alipoingia kusimama, raundi ya 12, alikuwa mbele kwa karibu nusu dakika. Mafundi wakajikanyaga. Alipotoka alikuwa nyuma kwa takriban dakika nzima kasoro kidogo.

Kilichofuata hakijasahaulika. Alianza kuvunja rekodi ya uwanja raundi baada ya raundi, akipita kona kwa gia ya juu zaidi ya ile aliyoizoea. Alifika dakika 9 na sekunde 17.4, wakati kabla ya siku hiyo muda bora katika mbio za pale ulizidi dakika 9 na nusu. Raundi ya 21 akampita Collins, akampita Hawthorn, akashinda kwa chini ya sekunde nne. Taji la tano hilo, na ushindi wake wa mwisho katika mbio za ubingwa wa dunia.

Yule aliyeishi kwa kutoivusha mashine mpaka wake, siku ile aliuvuka wake mwenyewe. Baadaye alikiri kwamba hakuwahi kuendesha vile kabla, na hakutaka tena kuendesha vile.

KUJUA PA KUSIMAMA

Februari 1958 alitekwa hotelini Havana, Cuba, na vijana wa harakati za Fidel Castro waliotaka kuiaibisha serikali ya Batista. Walimuachia baada ya mbio kupita, bila kumdhuru.

Julai mwaka huo alikimbia Reims, akamaliza wa nne huku pedali ya klachi ikiwa imemvunjikia. Hawthorn aliyekuwa anaongoza alimkaribia kumzidi raundi nzima, akakataa kumpita. Ilikuwa heshima. Siku hiyohiyo Luigi Musso alikufa uwanjani. Fangio akavua kofia, akasema basi.

Mwezi mmoja baadaye Collins alikufa Nurburgring. Januari 1959 Hawthorn akafa kwa ajali ya barabarani. Vijana wote wawili aliowakimbiza siku ile ya Agosti walikuwa wameondoka kabla miaka miwili haijaisha. Mzee akabaki.

Alirudi Argentina, akafanya kazi na Mercedes, na mwaka 1986 Balcarce ikafungua makumbusho ya magari yake. Huko ndiko alikozikwa.

Rekodi yake ya mataji matano ilidumu mpaka Michael Schumacher alipoifikia mwaka 2002 na kuipita mwaka 2003. Lakini Fangio alianza mbio 51 tu za ubingwa wa dunia, akashinda 24. Karibu nusu.

Wapo waliokuwa na kasi kama yake na wakaacha magari yao yakitoa moshi pembeni ya barabara. El Chueco alijua injini inapumua vipi, inachoka lini, na inaomba nini. Mwaka 1958 alijisikiliza mwenyewe kwa masikio yaleyale ya gereji, akazima gari lingali zima.